Popo Darini, Maji Tangini: Yafanye Haya Kabla ya Mvua

Huku Kajiado, mvua zikikaribia, maswali huanza kuingia, kuanzia Mashuuru na Imaroro hadi ploti za Kitengela: "Tuna popo kwenye paa. Watatuletea ugonjwa? Tuwaue?" Wengine huuliza baada ya mtoto kuokota popo aliyeanguka uani. Wengine huuliza baada ya kufungua kifuniko cha tangi na kukuta punje nyeusi zinaelea juu ya maji ya kunywa.

Jibu fupi ni hili. Ndiyo, popo anaweza kubeba bakteria wanaomwambukiza binadamu. Lakini yule anayepita juu ya kichwa chako jioni akiwinda wadudu hana shida nawe. Hatari imo katika vitu anavyoacha nyuma, yaani kinyesi, mkojo, mate na kupe wake, na katika namna sisi tunavyovishika, tunavyovifagia na tunavyovinywa. Kajiado maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo tone la mvua linalotoka kwenye mabati hukingwa kwa hamu. Ndiyo sababu ushauri huu unaanzia tangini, kisha unapanda darini, na popo mwenyewe anafuata baadaye.

## Unachokiogopa ni nini hasa?

Huhitaji kukariri majina haya. Ila ukienda hospitali, kuyajua kutakusaidia kujieleza.

- Leptospira. Hukaa kwenye figo za wanyama na kutoka na mkojo. Huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, mdomo au maji machafu. Wabebaji wakubwa ni panya na mifugo, lakini watafiti wamemkuta pia kwa popo wa Madagaska, Komoro na Zambia.
- Salmonella na jamaa zake wa tumboni. Hawa hutoka na kinyesi na kuingia kwa maji, chakula na mikono isiyonawiwa.
- Bartonella. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa popo waliokamatwa sehemu mbalimbali za Kenya, na bakteria huyu alioteshwa kutoka damu ya popo 106, wakiwemo wala matunda na wala wadudu. Nchini Nigeria, watafiti walipima damu ya watu wa jamii inayoingia mapangoni kukamata popo wakati wa sherehe ya kimila, na wachache wakaonyesha dalili za kuwahi kukutana na Bartonella wa popo.
- Borrelia wa homa ya kurudia. Huenezwa na kupe laini wanaoishi mapangoni pamoja na popo. Zambia amekutwa kwa mgonjwa, kwa popo na kwa kupe wa pangoni.

Popo hubeba pia virusi, na kinyesi chake kikikaa muda mrefu huota kuvu. Antibayotiki haziui virusi wala kuvu, kwa hiyo kapsuli za dukani si kinga ya kila kitu kitokacho kwa popo. Kwa bahati nzuri, hatua nyingi zinazozuia bakteria zinazuia na hao wengine.

## Hakikisha kwanza ni popo

Watu wengi hupigana na popo kumbe wana panya. Kagua hivi:

1. Simama nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, ukiangalia pembe za paa. Popo hutoka mmoja mmoja au kwa mkururo kupitia upenyo ule ule kila siku.
2. Ponda punje ya kinyesi kwa kijiti. Cha popo mla wadudu husagika na kubaki vipande vinavyometa vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu, hakisagiki kirahisi.
3. Tafuta alama ya mafuta meusi ukingoni mwa upenyo, na harufu kali ya mkojo.

Usishangae kuwakuta chini ya mabati yanayowaka jua. Wako popo wenye mkia huru wanaopenda paa za namna hiyo na kuvumilia joto la zaidi ya nyuzi 40. Madarasa na makanisa ya mabati ni makazi mazuri sana kwao.

## Tangi kwanza

Fuata mpangilio huu. Kazi nzito ifanyike Februari, kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na Septemba, kabla ya zile za Oktoba hadi Desemba.

1. Kata mkondo. Chomoa bomba linaloingiza maji tangini hadi paa na gata ziwe safi.
2. Safisha gata. Lowesha uchafu kwa maji ya sabuni, uuchote ukiwa umevaa glavu, kisha suuza. Usiusukume kwa fimbo ukaanguka ndani ya bomba.
3. Sugua tangi. Maji yakiwa chini kabisa, sugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu na mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Subiri nusu saa, suuza kwa ndoo kadhaa, mwaga maji hayo mbali na bustani na mifugo.
4. Mwaga maji ya kwanza. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita 50 za mraba linahitaji kumwaga walau lita 50 za mwanzo, ndizo zinazobeba uchafu mwingi. Fundi anaweza kuweka bomba la kusimama lenye kifuniko cha chini. Bomba la inchi nne hushika takriban lita nane kwa kila mita, kwa hiyo mita tatu peke yake hazitoshi paa hilo. Ongeza bomba la pili, au kinga maji hayo kwenye pipa la pembeni.
5. Funga midomo yote. Kifuniko kikaze, na mahali bomba linapoingia na maji yanapofurikia pawe na wavu wa mbu. Waya wa kuku una matundu makubwa mno, popo mdogo hupita.
6. Tibu maji ya kunywa hata baada ya hayo yote. Yachemshe yatokote kwa dakika moja kamili, au tia dawa ya klorini ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana uchafu hula nguvu ya dawa.

Tahadhari: usiingie ndani ya tangi lililofungwa ukiwa peke yako, na usimtume mtoto kwa sababu ni mwembamba. Hewa ni haba mle, na mvuke wa jiki unaweza kukulevya. Usichanganye jiki na dawa ya choo wala kemikali nyingine yoyote.

### Makosa yanayorudiwa kila mwaka

- Kuamini macho. Maji yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kuwa na bakteria tele.
- Kutegemea chai. Chai kweli imechemka, lakini kikombe kimesuuzwa kwa maji ya tangi, na mtoto amesukutulia maji hayo hayo.
- Kutia dawa tangini mara moja na kusahau. Klorini huisha nguvu, na kila mvua huleta uchafu mpya. Tibu maji ya kunywa kwenye mtungi au jerikeni, siku unayoyatumia.
- Kuchota kwa kikombe cha mkononi. Maji yakishatibiwa, yamimine au uyachote kwa kata yenye mpini mrefu.

### Nikikuta popo amekufia tangini?

Vaa glavu, mtoe kwa kata au wavu, mzike mahali mbwa hawezi kufukua. Ukiweza, mwaga maji na usugue tangi. Najua Mashuuru wakati wa kiangazi ushauri huo ni mgumu, maana tangi hilo ndilo maji yote ya nyumba. Basi yatenge. Ya kufulia nguo na ya kumwagilia miti yatumike yalivyo. Ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo na ya kusukutulia yachemshwe yote, bila kuruka hata siku moja, hadi tangi lisafishwe.

## Kusafisha dari bila kujidhuru

Kosa kubwa kabisa ni kupanda darini na fagio kavu. Vumbi la kinyesi kikavu likiingia mapafuni linaweza kupeleka kuvu na bakteria, na harufu ya mkojo uliojaa hewani peke yake huchoma macho.

Unahitaji glavu za mpira, barakoa nzito inayobana uso, miwani ya kufunika macho, nguo za mikono mirefu, gambuti, bomba la kunyunyizia la mkulima lililo safi, koleo dogo na mifuko imara.

1. Fungua madirisha na mlango wa dari nusu saa kabla ya kuanza. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.
2. Nyunyiza maji ya sabuni polepole hadi kinyesi kiloe. Usitumie maji ya nguvu, yanarusha matone.
3. Chota, tia mfukoni, funga, tia mfuko huo ndani ya mwingine. Zika kwenye shimo mbali na kisima na boma la mifugo.
4. Kinyesi kikishaondoka, ndipo upake mchanganyiko wa jiki juu ya mbao na sakafu. Usimwage jiki moja kwa moja juu ya lundo la kinyesi na mkojo, hutoa hewa yenye sumu.
5. Vua glavu mwisho, oga kwa sabuni, fua nguo hizo peke yake.

Kama lundo ni kubwa kuliko ndoo chache, au jengo ni la shule au kanisa, mwite afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo kabla ya kugusa chochote. Wanafunzi wasitumwe kufagia popo, hata kama ni adhabu na hata kama mwalimu ameahidi soda.

## Kuwaondoa bila kuwaua

"Si rahisi zaidi kuwaua?" Hapana, na Uganda ina ushahidi. Mwaka 2007 wachimba migodi wa Kitaka walipata ugonjwa wa virusi wa Marburg kutoka kwa popo wa matunda waliokaa mgodini. Popo hao wakaangamizwa. Baadaye kundi jingine likahamia, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena, Ibanda, karibu na hapo. Watafiti walipowapima popo waliorudi, asilimia 13.3 walikuwa na maambukizi, ilhali wale wa mwanzo walikuwa asilimia 5.1. Ukiua kundi, nafasi hujazwa na wageni. Tena popo anayekufa kwa sumu huanguka uani, mikononi mwa watoto na mdomoni mwa mbwa.

Njia inayofanya kazi ni kuwaacha watoke, kisha kuwafungia mlango:

1. Kagua watoto wao. Ukiona vichanga bila manyoya au kusikia milio mingi mchana, subiri wiki sita hadi nane. Ukifunga mapema, vichanga vitafia ndani na kuoza juu ya vyumba vyako.
2. Ziba matundu yote madogo, ukiacha yale mawili matatu wanayotumia sana. Upenyo wa upana wa kidole unawatosha, kwa hiyo kagua mawimbi ya mabati juu ya ukuta na ubao wa ukingo wa paa.
3. Tundika wavu laini juu ya tundu lililobaki, ushikizwe juu na pembeni, chini uachwe wazi na uning'inie kama nusu mita. Popo huteleza nje, lakini hushindwa kurudi.
4. Acha wiki nzima, ukihesabu wanaotoka kila jioni hadi asitoke yeyote.
5. Toa wavu na uzibe kwa sementi au bati. Gazeti na matambara hayafai.

Moshi, dizeli, pilipili na vidonge vya nondo huwafukuza kwa siku chache, kisha hurudi, na wewe umebaki na dari yenye hatari ya moto au hewa inayoumiza kifua. Okoa pesa zako umlipe fundi.

## Akikuuma au kukukwaruza

Hapa tunatoka kwenye bakteria kidogo, kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki.

Oktoba 2007, mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa puani na popo mdogo akiwa Tsavo Magharibi, hifadhi inayopakana na Kajiado. Aliosha kidonda kwa sabuni na spiriti, akauliza kama anahitaji chanjo, akaambiwa hakuna haja. Wiki chache baadaye aliugua, na Desemba akafariki kwa kirusi cha Duvenhage, jamaa wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo.

Kwa hiyo:

1. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana watu wengi huacha baada ya dakika moja.
2. Usikifunge kwa bandeji ya kubana, usipake majani wala mafuta.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa mbali, piga simu kwanza uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, usije ukasafiri bure hadi usiku.
4. Sema wazi: "Nimeumwa na popo," au "Popo amenikwaruza." Ukiambiwa popo si mbwa, omba kuonana na daktari mwingine.
5. Maliza sindano zote. Kupona kwa kidonda si mwisho wa tiba.

Fanya vivyo hivyo popo akikutwa ndani ya neti ya mtoto mdogo, au kwenye chumba cha mtu aliyelala fofofo au mlevi. Meno yake ni madogo, na alama inaweza isionekane. Na mbwa wa boma wapate chanjo kila mwaka.

## Ukipata homa baada ya kazi ya darini

Homa ya leptospira mara nyingi huanza kati ya siku 5 na 14, ingawa inaweza kuchukua mwezi. Huja ghafla ikiwa na kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya mashavu ya miguu, na macho kuwa mekundu. Ikizidi, macho huwa ya manjano, mkojo hupungua, au damu hutoka mahali isipotegemewa. Hapo ni hospitali kubwa mara moja.

Tatizo letu ni kwamba kila homa hupewa jina la malaria au taifodi, na dawa hununuliwa dukani. Kipimo cha malaria kikisema hapana, usiishie hapo. Mweleze daktari mambo haya manne:

- Siku uliyosafisha dari, tangi au pango.
- Kama ulivaa glavu na barakoa.
- Kama una mchubuko, au uliumwa na kupe.
- Mifugo na panya walioko nyumbani.

Leptospira ikishukiwa mapema hutibika kwa dawa za kawaida kama doksisaiklini au penisilini, kwa kipimo cha daktari. Dozi ya nusu uliyobakiza kabatini si tiba.

## Maswali yaliyobaki

"Wazee wetu waliishi na popo na hawakuugua." Waliugua homa nyingi zisizopimwa. Zaidi ya hayo, hawakuwa na paa la bati linalomimina kinyesi kwenye tangi la lita elfu tano. Nyumba zimebadilika, na tahadhari zibadilike.

"Naweza kutumia samadi ya popo shambani?" Ni mbolea nzuri, lakini usiichote ikiwa kavu, na usiitie kwenye sukuma wiki zinazoliwa karibuni. Iloweshe, ichanganye na mboji iliyofunikwa, iache miezi kadhaa.

"Embe au pera lililoumwa upande mmoja, nikate nile upande mzima?" Tupa. Mate ya popo hayakai upande mmoja. Tunda zima lioshwe na kumenywa.

"Mimi ni mpangaji Kitengela, paa si langu." Mwandikie keateka na mwenye ploti ujumbe wenye tarehe na picha, ukitaja tangi la pamoja. Wapangaji wakiandika pamoja, husikilizwa haraka. Msipojibiwa, nenda kwa afisa wa afya ya umma. Huku ukingoja, chemsha maji yako.

"Naongoza wageni mapango ya Suswa. Niache?" Huna haja. Vaeni viatu vya kufunika na suruali ndefu, vaeni barakoa penye kinyesi kingi, msiguse kuta, msile mle ndani, na mkitoka mjikague kupe. Anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili abaki nje.

## Wiki hii uanze na lipi?

Kama una nguvu za kazi moja tu, tibu maji ya kunywa leo. Inagharimu kidogo, na inakukinga na uchafu wa panya na ndege pia. Ukipata siku nzima, chomoa bomba la tangi na usafishe gata. Ukipata pesa za fundi, weka bomba la kumwaga maji ya kwanza kabla hujagusa paa. Popo wanaweza kungoja hadi vichanga vyao viruke. Maji unayokunywa asubuhi hayawezi kungoja.